Choo cha Mama Mkwe

Mwanawetu binti Mshamu alikuwa na kinyaa tangu utotoni. Alipokuwa msichana hakunywa maji kwenye kata iliyoguswa na mdomo wa mtu mwingine. Siku ya harusi yake mashemeji walimtengea wali kwenye sinia moja na wanawake wa upande wa bwana, akamwona mmoja wao anajikuna shingo kisha anatia mkono uleule kwenye wali, basi bibi harusi akasema amefunga. Amefunga swaumu gani, mchana wa harusi yake mwenyewe! Watu wa kwao, upande wa pwani ukitoka Mbau, wakampachika jina la Bibi Ptu, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa kutema mate pembeni akiona kitu kinachochefua. Jina hilo hakulikasirikia. Alisema bora aitwe Bibi Ptu kuliko Bibi Uchafu, na hao waliomcheka aliwataja kwa majina, mmoja mmoja, pamoja na hali ya masufuria yao.

Kazi yake ilikuwa chaza na kome. Maji yakitoka alishuka pwani na kikapu, akaokota, akachemsha, akaosha, akaosha tena, kisha akaanika na kuwapeleka bara, ambako watu walimpa mahindi na mihogo mikavu. Wengine waliuza chaza waliojaa mchanga, ukitafuna unasikia meno yanasagika mpaka kisogoni. Chaza wa Mwanawetu hawakuwa na hata chembe, na watu wa bara walikuwa tayari kumsubiri yeye. Mumewe alipofariki, na binti yake wa pekee, Ancha, alipoolewa na kijana mmoja muuza duka aitwaye Momade, alibaki peke yake katika nyumba iliyofagiliwa mpaka udongo ukang'aa. Hakuna aliyewahi kumsikia akilalamikia upweke. Upweke hauachi vikombe vichafu, ndivyo alivyosema.

Kisha vita vikaja. Vijana wa Frelimo walikuwa porini, Wareno walikuwa barabarani, na watu wa kawaida walikuwa katikati wakisukumwa huku na huku. Wareno wakaona kwamba mtu akiachwa akae shambani kwake atawalisha walioko porini, kwa hiyo wakachoma nyumba, wakawaswaga watu pamoja na kuku wao, wakawatia ndani ya uzio wa seng'enge si mbali na Quiterajo. Wenyewe walipaita aldeamento, wakasema ni kijiji cha kisasa. Kisasa! Kisima kimoja, nzi wa kila rangi, na nyumba zilizobanana hata jirani akipiga chafya ni wewe unayemwombea rehema. Mwanawetu alionyeshwa kibanda cha pembeni kabisa, karibu na waya, kwa sababu mjane hakuhesabiwa kuwa mtu wa maana. Akashukuru. Akakisiriba upya, akajengewa choo chake kwa nyuma, akafunga mlango.

Mguu aliupoteza njiani, akienda kwenye mihogo. Wanawake waliruhusiwa kutoka nje ya waya asubuhi na kurudi kabla ya jua kuchwa, na siku hiyo alikuwa ametangulia mbele ya wenzake kwa sababu hakupenda kutembea ndani ya vumbi la miguu yao. Bomu lilikuwa limefukiwa kwenye njia. Wareno walisema ni la magaidi. Watu wengine walinong'ona kwamba ni la Wareno. Mwanawetu alisema aliyelifukia, awe nani, ni mchafu. Hospitali ya mjini wakamkata chini kidogo ya goti la kushoto, na kidonda kilipopona akarudishwa juu ya lori la jeshi, amekaa katikati ya magunia ya vitunguu vilivyooza, na harufu yake ikamkaa puani muda mrefu kuliko maumivu.

Ancha alimpokea akamweka kwa Momade. Angefanya nini kingine? Mama hakuwa na mguu wala magongo ya kufaa. Hospitali walimpa magongo mawili ya mti, marefu kuliko kimo chake, ambayo kwenye mchanga wa kijijini yalizama yakamwangusha kifudifudi mbele ya watu, naye hakuyagusa tena. Alitambaa. Au Ancha alimbeba mgongoni.

Sasa, kwa watu wa pwani ile, mkwe mume na mama wa mkewe ni watu wasiotazamana. Wanaheshimiana mpaka inachosha. Hawali sahani moja, hawapeani mkono, na mkwe akitaka kupita alipo mama anakohoa kwanza, kisha anasubiri, kisha anapita ameinamisha uso. Zamani mambo haya yalikuwa na nafasi yake, maana mwanamume ndiye aliyehamia upande wa mke, na mama alikuwa na nyumba yake na choo chake, mbali kidogo na masikio ya mkwe. Wareno walipogawa nyumba za kijiji cha waya wakazigawa kwa majina ya wanaume. Nyumba ilikuwa ya Momade. Choo kilikuwa cha Momade. Na mama mkwe wa watu, mwenye kinyaa cha kutajika, akawa analala kwenye chumba kilichotengwa na chumba cha mkwe wake kwa ukuta wa fito na tope, akisikia mpaka anavyosukutua.

Momade hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera zaidi Mwanawetu. Angekuwa mbaya angemtukana akapumua. Yule kijana alikuwa mpole, mrefu, mwenye aibu, anayeuza sabuni na mafuta ya taa katika duka la Mreno, na Kireno chake kilikuwa cha kueleweka. Alimletea mama mkwe sukari kupitia kwa Ancha. Alikohoa asubuhi mpaka kifua kikamuuma. Naye Mwanawetu, kwa upande wake, hakwenda haja mpaka ahakikishe Momade ameondoka kwenda dukani. Alijibana tangu alfajiri. Alijibana tumbo likavimba, jasho likamtoka, akamlaani kimoyomoyo Mreno mwenye duka kwa kuchelewa kufungua. Ndipo Ancha alipomwinua, akamfunga khanga, wakatoka.

Siku moja Momade alisahau kofia yake, akarudi. Aliwakuta uani: Ancha anatoka chooni na mama yake mgongoni, khanga imepanda, kigutu kinaning'inia upande mmoja. Momade aligeuka akakimbia bila kofia. Tangu siku hiyo alikuwa anakohoa hata akiwa barabarani, na Mwanawetu alipunguza kula ili apunguze kwenda. Alikonda. Ancha alipouliza kama anaumwa, alisema chakula hakina chumvi.

Ikaja habari kwamba daktari wa jeshi anazunguka vijiji vya waya kuwapima viwete. Wanaohitaji wangechukuliwa kwenda kutengenezewa miguu ya mti yenye kiatu, wafundishwe kutembea, warudishwe. Ilikuwa ni sehemu ya ule ukarimu wa ghafla wa Wareno, wa kugawa pipi na kupiga picha, baada ya kukuchomea nyumba. Mwanawetu alijua hayo yote na hayakumbadilisha nia.

"Nikipata mguu nahamia kibandani kwangu," alimwambia Ancha.

"Mama, kwani hapa umekosa nini?"

"Nimekosa choo."

"Mama!"

"Umeuliza, nimekujibu. Nimekosa mlango wa kufunga mwenyewe. Wewe hujambo, una miguu."

Siku ya kupimwa Ancha alimwogesha kwa liwa ya kunukia, akamvika khanga mpya, akambeba mpaka kwenye zahanati. Watu walikuwa wamejaa barazani, waliokuja kupimwa na waliokuja kutazama, maana kijiji cha waya hakikuwa na ngoma nyingine wiki ile. Sakafu ilikuwa ya saruji. Ilikuwa na mate, vipande vya bandeji vyenye usaha uliokauka, na vishungi vya sigara ambavyo daktari mwenyewe alikuwa akivitupa bila kuangalia. Mwanawetu aliwekwa juu ya benchi, akakusanya khanga yake isiguse chini, akatema mate ndani ya kitambaa chake.

Wa kwanza kupimwa alikuwa Jerónimo, askari mweusi wa serikali aliyekatika mguu kifundoni na kidonda chake hakijafunga. Daktari akakibonyeza, usaha ukatoka, akamwuliza hiki na kile kwa Kireno, akacheka naye. Jerónimo alitembea barazani kwa magongo, saruji ikamshika vizuri, akaambiwa atapewa mguu. Mtu wa picha akampiga picha. Kisha daktari akafuta vidole vyake kwenye koti, kwenye koti, maji yapo kwenye beseni hapo pembeni, akamjia Mwanawetu akamshika kigutu kwa vidole vilevile.

Nywele zilimsimama. Alitazama wale nzi waliotoka kwa Jerónimo wakamfuata daktari. Lakini alinyamaza. Alikuwa ameapa kunyamaza siku hiyo, kwa ajili ya mguu.

Daktari alimbonyeza hapa na pale, akampima goti kwa kamba ya fundi cherehani, akamkunja, akamkunjua. Halafu akaita mkalimani. Mkalimani wa siku zote, Lázaro, alikuwa ametoka na msafara wa malori. Askari mmoja akatumwa kutafuta mtu mwingine anayejua Kireno, na dakika chache baadaye akarudi amemshika mkono Momade, bado ana harufu ya mafuta ya taa.

Momade alipoona ni nani yuko kwenye benchi alisimama pale pale ngazini. Askari akamsukuma. Basi akageukia ukuta, akaupa uso wake, na mgongo akampa mama mkwe.

"Shikamoo, mama," aliuambia ukuta.

"Marahaba, mwanangu."

Daktari akashangaa, akamgombeza, akamtaka ageuke. Momade akasema kitu kwa Kireno kwa sauti ndogo. Daktari akainua mabega, akaachana naye, akaanza kuuliza.

Swali la kwanza lilikuwa na neno "latrina", choo, ndani yake. Mwanawetu alilijua neno hilo vizuri sana, kule hospitali ya mjini walimwuliza kila asubuhi mbele ya wagonjwa wote. Alisubiri, masikio yanawaka moto. Shingo ya Momade ilianza kumeta jasho.

"Mama," alisema Momade, "daktari anauliza umeamkaje."

"Nimeamka salama, namshukuru Mungu."

Momade akamwambia daktari, "Sim, senhor doutor," na daktari akaridhika. Hata "sim" Mwanawetu aliijua. Ndiyo, bwana daktari, anakwenda chooni mwenyewe, anarudi mwenyewe! Alifumbua mdomo. Aseme nini sasa? Amsahihishe mkwe wake mbele ya kijiji kizima, amwambie hapana mwanangu, siendi mwenyewe, nabebwa, na nakusubiri uondoke kwanza? Alifumba mdomo.

Swali la pili lilikuwa refu. Daktari alijipitishia mikono kifuani na mapajani kuonyesha mtu anayeoga, watu barazani wakacheka. Ancha akainama akaangalia vidole vyake.

"Anauliza," Momade alisema, "anauliza kama maji ya kisima chetu ni mazuri."

"Mwambie yana chumvi kidogo."

"Sim, senhor doutor."

Namna hiyo ndivyo mtu alivyopimwa. Ungeweza kulia, kama kicheko hakijakutangulia. Daktari anauliza kuhusu mwili, mkwe anauliza kuhusu hali ya hewa, na kila jibu linalorudi ni ndiyo, anaweza, hana shida. Mwanawetu aliona mguu wake unaondoka hatua kwa hatua, na waliokuwa wakiuondoa ni watu wawili wenye heshima, yeye mwenyewe na mkwe wake.

Swali la mwisho Momade alilitafsiri kama lilivyo, kwa sababu lilikuwa halina uchi ndani yake.

"Anauliza kama nyumbani una mtu wa kukutunza."

Waliokuwa nyuma wakasogea karibu. Wazee walikuwepo, wanawake waliomfahamu tangu upande wa Mbau walikuwepo. Mwanamke anayeishi kwa mkwe wake akiulizwa hadharani kama anatunzwa, jibu ni moja tu, na kila mtu pale alikuwa amekwisha kulijua kabla halijatoka. Akisema hatunzwi, au akisita tu, amemvua nguo kijana wa watu. Tena kijana aliyemletea sukari.

"Mwambie," alisema Mwanawetu, na aliona anavyojizika, "mwambie nina mkwe anayenitunza kuliko mtoto niliyemzaa. Sikosi kitu kwake. Mungu amzidishie."

Watu wakaguna kwa kupendezwa. Momade alilazimika kujisifu mwenyewe kwa Kireno, akafanya hivyo kwa maneno machache. Daktari akasema "Muito bem," vema sana, akaongeza maneno mengine, akamtazama mtu anayefuata.

"Anasemaje?" aliuliza Mwanawetu.

Momade alijibu bila kugeuka. "Anasema miguu ni michache, mama. Watapewa wasio na watu, na wanaume wa kurudi kazini. Wewe una watu."

Wewe una watu! Mwanawetu alihisi kinyaa ambacho hajawahi kukihisi, kikubwa kuliko cha usaha na cha vitunguu vilivyooza. Kilikuwa kinyaa cha adabu yenyewe, ya kwake, ya Momade, ya lile baraza lililoguna kwa kupendezwa. Kwa heshima wamemnyima mguu. Basi heshima ikae pembeni kidogo.

Akakaza khanga kiunoni, akashuka kutoka kwenye benchi, akaweka viganja vyake juu ya ile saruji.

"Mama, unafanya nini?" Ancha alimshika bega.

"Niache. Momade! Mwambie huyo bwana aangalie. Aliuliza nakwendaje chooni, aone. Nawe bakia huko huko ukutani."

Akatambaa. Alipita juu ya mate na vishungi, juu ya bandeji moja iliyomganda kwenye kiganja akaikung'uta. Watu walifungua njia. Aliteremka ngazi za baraza kwa makalio, akavuka ua wenye mavi ya kuku, kigutu kinaburuzika, khanga mpya imekuwa rangi ya udongo, mpaka kwenye choo cha zahanati. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, na komeo lilikuwa juu, mahali pa mkono wa mtu aliyesimama. Akanyoosha mkono, hakulifikia. Akajiinua kwa goti moja, akakwaruza ubao kwa kucha. Hakuna aliyesogea. Baadaye akaacha, akageuka, akarudi kwa njia ileile, anahema, uso umejaa vumbi na machozi ambayo aliyakasirikia.

Daktari alikuwa amesimama ukingoni mwa baraza na sigara mdomoni. Alipiga makofi! Akaongea kwa furaha, akimwonyesha Mwanawetu kwa askari kama mtu anayesifia punda.

"Anasemaje?"

Momade akasogea karibu zaidi na ukuta.

"Nimekuuliza, mwanangu. Anasemaje?"

"Anasema una mikono yenye nguvu," Momade aliuambia ukuta, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Anasema huhitaji kitu. Anasema hata ukikaa peke yako unaweza."

Mwanawetu alitulia palepale chini. Alijifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Rudia hilo la mwisho."

"Hata ukikaa peke yako unaweza."

"Amesema hivyo mbele za watu wote hawa?"

"Ndiyo, mama."

"Mmesikia nyote? Ancha, umesikia? Daktari wa serikali kasema naweza kukaa peke yangu. Haya, nibebe. Unipeleke kwangu."

Ancha alilia njia nzima. Alisema watu watadhani wamemfukuza. Mama akamjibu kwamba watu walikuwa barazani, wamesikia kwa masikio yao, na mwenye neno aende akabishane na jeshi la Ureno. Kwa mara ya kwanza tangu lori la vitunguu alijisikia nafuu, ingawa mguu alikuwa ameukosa na alijua ameukosa moja kwa moja.

Kibanda kilikuwa kimegeuzwa zizi. Mbuzi wa majirani walikuwa wakilala ndani, na mavi yao yamekanyagwa yakawa zulia. Choo cha nyuma kilikuwa kimetitia. Mwanawetu aliketi kizingitini, akaziba pua, akatema mate, akawataja wenye mbuzi kwa majina na kwa ukoo, kisha akaomba ufagio. Alifagia akiwa amekaa, akijivuta nyuma. Ancha alikwangua, akasiriba, akafukiza ubani. Jioni hiyo mama alilala mahali ambapo hakumsikia mtu yeyote akisukutua.

Lililobaki ni choo. Alitumia debe, Ancha akawa anakuja kulimwaga, na debe hilo lilimtia Mwanawetu kichefuchefu hata likiwa tupu. Siku chache zikapita, asubuhi moja akasikia kikohozi nje, kirefu, cha kujitangaza kutoka mbali. Akajivuta ndani akafunga mlango, kama inavyotakiwa. Akasikia jembe.

Momade alichimba kila asubuhi kabla ya kwenda dukani. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba, mama mkwe alikuwa ndani, hawakusemezana. Akisimama kupumzika alikohoa, ili mama asije akatoka akidhani ameondoka. Mwanawetu alisikia fito zikikatwa, makuti yakifungwa, kitu kikisuguliwa kwa jiwe muda mrefu. Siku moja hakuja, na mama akajua kazi imekwisha.

Akatambaa kwenda kuona, uso umekunjwa tayari, maana alitarajia kukuta kasoro.

Njia kutoka mlangoni mpaka chooni ilikuwa imeondolewa mawe na magamba ya chaza, ikasiribwa kwa udongo laini, isichubue goti. Mlango wa choo haukuwa na kizingiti cha kuruka. Ndani, kila upande wa tundu, kilikuwa kimekitwa kigingi kifupi kilichosuguliwa mpaka hakina kibanzi, kimo chake ni cha kifua cha mtu aliyepiga goti. Mtungi wa maji uliketi chini, na kata yake mpya juu. Mwanawetu akaingia, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama ili avute mlango, na vidole vyake vikaangukia juu ya komeo. Lilikuwa chini kabisa, mahali pa mkono wa mtu anayetambaa.

Akageuka akalitazama.

Momade aliona. Yule mtu aliyekuwa akizungumza na ukuta aligeuka akaona. Aliona ua wote, mavi ya kuku, khanga iliyopanda, makalio ya mama mkwe wake yakishuka ngazi. Aliona ule mkono unakwaruza ubao chini ya komeo. Mtu haweki komeo mahali kama pale kwa kusimuliwa. Uso wa Mwanawetu ukawaka. Akatema mate, "Ptu!", akamlaani Momade, akamlaani aliyemzaa, akaapa hatakanyaga choo kile.

Lakini alikuwa amejibana tangu alfajiri. Akalifunga komeo. Lilifunga vizuri. Akashika vigingi vyote viwili, na kwa mara ya kwanza tangu akatwe mguu alikuwa peke yake nyuma ya mlango aliojifungia mwenyewe, bila mgongo wa mtu, bila kusikiliza kama kuna anayekuja. Alikaa humo muda mrefu kuliko haja ilivyotaka. Alilia pia, kidogo, kisha akanawa kwa maji masafi.

Adhuhuri Ancha akaja na chakula. Alizungukazunguka, akafunua sufuria, akafunika.

"Mama, Momade anauliza kama choo kinafaa."

Mwanawetu alikwisha kuliandaa jibu kinywani, lile la siku zote: kinafaa, mwanangu, sina la kusema, Mungu amzidishie. Lilikuwa kwenye ulimi. Akalikumbuka baraza, akakumbuka anavyoguna mtu aliyependezwa, na jibu likamchefua. Akalimeza.

"Mwambie komeo liko mahali pake," alisema. "Na mwambie kigingi cha kushoto kinacheza. Nikikishika naogopa kuanguka."

Ancha alimkodolea macho. "Nimwambie hivyo? Momade?"

"Hivyo hivyo."

Asubuhi yake kikohozi kikasikika nyuma ya nyumba, kisha jiwe likigonga juu ya mti. Mwanawetu alikuwa ndani, mlango umefungwa. Jiwe likanyamaza. Akasikia kigingi kikitikiswa kujaribiwa, na mtu anayetaka kuondoka lakini hana hakika.

Akasogea karibu na ukuta wa fito.

"Zaidi, mwanangu," alisema kwa sauti ya kusikika nje. "Bado kinacheza."

Nje kikasikika kikohozi kifupi. Kisha jiwe likaanza kugonga tena.